Flaski ikae juu na maji, sio chini na moto: kisa cha ayodini iliyomwagika

Kisa chenyewe kiko hivi. Shule moja ya sekondari huku Tanga, stoo ya maabara, chupa ya ayodini ya gramu 100 ambayo ilikuwa imebaki kama nusu ikadondoka kutoka shelfu la juu ikapasuka, fuwele zikasambaa kwenye sakafu ya simenti zikachanganyika na vipande vya chupa, mchanga, vumbi la chaki na vijiti vya fagio la chelewa maana ndo lililotumika kuzoa. Ayodini sio bei rahisi, na shuleni ukishaandika barua ya kuomba kemikali hujui utaipata lini, kwahiyo madam wa kemia hakutaka itupwe. Akasema tunaisafisha hapa hapa kwa sablimesheni, yaani kugeuza kitu kigumu kuwa mvuke na kukigandisha tena, si ndo tunawafundisha watoto kila mwaka kwenye mada ya kutenganisha michanganyiko? Na wazo lake lilikuwa sahihi kabisa. Mchanga haugeuki mvuke, vioo havigeuki mvuke, chaki haigeuki mvuke, ayodini inageuka, ukiipasha inapanda, ukiipoza inaganda, unaikwangua safi.

Kilichowakwamisha ni vyombo. Shule haina kile kifaa maalum cha sablimesheni chenye bomba la maji baridi katikati, na shule nyingi tu hazina, wanatumia flaski za kawaida, zile chupa za kioo za maabara zenye shingo nyembamba. Wakajaribu flaski ya koni, ikapasuka kitako. Wakajaribu flaski ya duara na kizibo cha mpira, kizibo kikaruka na watu wakatoka nje wanakohoa. Hapo ndo wakanipigia simu, mi ni fundi sanifu wa maabara shule ya jirani, nikaenda na tukamaliza kazi kwa flaski ya duara, aina ile ile ambayo ilikuwa imewatoa mbio. Naandika kwa kirefu kwa sababu makosa haya mawili nayaona kila mahali, na yote yanatoka kwenye fikra moja, kwamba flaski ni chombo cha kupashia. Kwenye sablimesheni ya shuleni flaski kazi yake ni kupoza.

Kwanza tuelewane kuhusu ayodini yenyewe maana bila hapo huwezi kuchagua chombo. Vitabu vingi vya shule vimeandika kwamba ayodini haiyeyuki, inaruka moja kwa moja kutoka ugumu kuwa mvuke, na wanafunzi wanakariri hivyo. Sio kweli. Ayodini inayeyuka vizuri tu kwenye nyuzi 114 na inachemka kwenye nyuzi 184, ukiipasha haraka utaona kimiminika cheusi kikizunguka chini ya chombo. Ila kabla haijafika huko tayari inatoa mvuke mwingi. Kwenye nyuzi 25 presha ya mvuke wake, yaani nguvu ambayo mvuke unasukuma nayo, ni kama 0.3 ya milimita ya zebaki, kwenye nyuzi 73 ni kama 10, kwenye nyuzi 97 imeshafika kama 40. Zitazameni hizo namba vizuri. Zinasema huhitaji moto mkali, chini ya nyuzi 100 unapata mvuke wa kutosha kabisa na ayodini yako bado ni ngumu, haijayeyuka, haijatapakaa kwenye mchanga. Kwahiyo maji ya moto yanatosha. Hili ndo lilikuwa kosa la kwanza kabla hata ya flaski, majaribio yote mawili yalianza na bana ya gesi chini ya waya gozi, ule wavu wa kukalishia chombo juu ya moto, na bana inapeleka joto la mamia ya nyuzi pale kwenye kitako.

Sasa jaribio la kwanza, flaski ya koni. Walimimina mchanganyiko ndani, wakaweka pamba mdomoni, wakawasha moto. Mvuke wa zambarau ukajaa, mzuri kuangalia, na baada ya muda fuwele nyeusi zinazong'aa zikaanza kushika mabegani na shingoni. Madam akafurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi maana hiyo ndo sablimesheni. Ila mabega nayo yakawa yanapata moto, fuwele zikishika zinaruka tena, mvuke unaanza kupenya kwenye pamba. Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliyekuwa anasaidia akaleta kitambaa kilicholowa akakivalisha begani kwa flaski ili ipoe. Maji yakatiririka ubavuni mpaka kwenye kitako. Tii, ufa wa duara kuzunguka kitako chote, na kitako kikabaki kwenye waya gozi na mchanga wake huku flaski ikining'inia kwenye klampu.

Kijana asilaumiwe, alifikiri vizuri, sehemu ya juu ni kweli inatakiwa ipozwe. Tatizo kioo kimoja hakiwezi kuwa jiko na friji kwa wakati mmoja. Kioo kikipata joto kinatanuka, kikipoa kinasinyaa, na pale sehemu ya moto inapokutana na sehemu ya baridi ghafla kinavutana chenyewe mpaka kinaachia. Kioo cha borosilikati, kile Otto Schott alichokitengeneza Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 na Wamarekani wakakiingiza sokoni kwa jina la Pyrex mwaka 1915, kinatanuka kidogo sana, kama theluthi moja tu ya kioo cha kawaida cha chupa na madirisha, ndo maana kinavumilia. Lakini ile flaski niliiokota nikaigeuza geuza, haina alama yoyote, wala Pyrex wala Duran wala ile 3.3 ya borosilikati. Nisingeweza kuapa ilikuwa kioo cha aina gani, na flaski isiyo na alama uitendee kama kioo cha chupa ya soda, usiipe moto wa moja kwa moja. Tena hata borosilikati maji baridi kwenye kitako chenye moto wa bana sio kitu cha kujaribu.

Kuna na hili la mchanga. Mchanga mkavu haupitishi joto vizuri, kwahiyo chini kabisa unaungua huku juu bado wa vuguvugu, na pale kwenye kitako bapa cha flaski ya koni unapata sehemu moja ya moto sana na nyingine pembeni ya baridi. Kitako bapa na ile kona yake ndo sehemu dhaifu. Ukiunganisha na kitambaa cha maji, sioni vipi ingepona.

Halafu tuseme flaski isingepasuka, wangefanyaje na zile fuwele? Shingo ya flaski ya koni vidole viwili havipiti vizuri, na fuwele ziko mabegani kwa ndani, huwezi kukwangua bila nusu yake kurudi kwenye mchanga. Walichofanya kwa kile kipande cha juu kilichobaki ni kukisuuza kwa spiriti, ayodini ikayeyuka ikawa maji ya kahawia, na sasa una ayodini kwenye spiriti, sio ayodini ngumu. Haikupotea kabisa, ile waliihifadhi kwenye chupa ya kahawia kwa ajili ya kupima wanga, lakini sio walichokuwa wanakitafuta. Hii sehemu huwa inasahaulika sana watu wanapochagua chombo cha sablimesheni, wanafikiria fuwele zitapandaje, hawafikirii zitatokaje.

Jaribio la pili lilikuwa la hatari zaidi na hapa naomba walimu mnisome vizuri. Wakachukua flaski ya duara ya mililita 250, wakaweka mchanganyiko uliobaki, na kwa kuwa mara ya kwanza mvuke ulivuja kwenye pamba safari hii wakaziba kwa kizibo cha mpira, kikaingia kwa nguvu. Moto chini. Sasa fikiria, hewa iliyofungiwa ndani kutoka nyuzi 30 kwenda nyuzi 180 presha yake inapanda mara moja na nusu, hiyo ni hewa tupu, na ukiacha mpaka shingo nayo ipate moto ayodini inaongeza presha nyingine karibu sawa na ya hewa ya nje. Kizibo kiliruka kabla hayo yote hayajafika, na ashukuriwe Mungu kiliruka, maana kama kingeng'ang'ania ingeruka flaski. Wingu la zambarau likatoka likashuka mezani, kwa sababu mvuke wa ayodini ni mzito karibu mara tisa ya hewa, haupandi darini kama moshi, unamwagika chini na kuwafikia kwanza wanafunzi waliokaa.

Kiwango ambacho Wamarekani wameweka kwa mfanyakazi asikizidi hata kwa dakika ni miligramu 1 tu ya ayodini kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Chukua maabara ya mita 8 kwa 7 yenye dari la mita 3, hizo ni mita za ujazo 168, maana yake miligramu 168 zikisambaa humo umeshafika kwenye kikomo, haifiki hata robo ya gramu. Zile sekunde za kizibo nadhani ilitoka zaidi ya hapo. Watoto wawili macho yaliwawasha mpaka jioni na madam mwenyewe kifua kilibana, walitolewa nje wakaoshwa macho kwa maji mengi, na zahanati wakaangaliwa wakaruhusiwa.

Kizibo nilikiona baadaye, upande wa ndani umekuwa wa kahawia na mgumu unapasuka pasuka. Ayodini inakula mpira. Inakula na chuma, vijiko vya chuma vinapata kutu haraka mno, na alumini ndo usiguse kabisa, unga wa alumini na ayodini ukidondoshewa tone la maji unawaka wenyewe na kutoa wingu. Nalisema hili kwa sababu nilikuta wameandaa karatasi ya foili ya kufunikia kwa jaribio la tatu, na sufuria ya alumini pembeni. Nikaomba vyote viwili viondoke.

Basi nilipofika nikauliza, "Madam, ile flaski ya duara iko wapi?"

"Si ndo hiyo imetutoa mbio, fundi. Unaitaka ya nini tena?"

"Hiyo hiyo, na kubwa yake kama ipo. Safari hii haiingii mchanga, inaingia maji."

Walikuwa na ya mililita 500, nzima haina mkwaruzo, na hiyo ndo ikawa roho ya kazi. Mpangilio wenyewe ni wa zamani na kila mtu wa maabara aliuona chuoni ila ukikaa shuleni miaka unasahau. Unachukua bika, ile glasi ya maabara yenye mdomo mpana, ya mililita 250, unatandaza mchanganyiko chini kwa tabaka jembamba, sio kilima, kisha juu ya mdomo wa bika unakalisha ile flaski ya duara yenye maji. Tumbo lake ni pana kuliko mdomo wa bika kwahiyo haizami, inakaa kama kofia, na kitako chake cha mviringo kinaning'inia ndani ya bika. Mvuke unapanda unakutana na kitako baridi unaganda pale pale, kama jasho kwenye mfuniko wa sufuria ya wali. Shingo ya flaski lazima ishikwe na klampu kwenye stendi, hilo sio la hiari, flaski yenye nusu lita ya maji juu ya bika ni mzigo mzito juu na ukigusa meza tu inalala.

Uzuri wa mpangilio huu ni mwingi ila wa kwanza ni kwamba hauzibi. Ule mdomo mdogo wa bika wa kumiminia unaacha upenyo, presha haijengeki hata kidogo. Kwenye ule upenyo niliegesha pamba iliyolowekwa kwenye maji ya haipo, yaani sodiamu thayosalfeti, ikakamuliwa isidondoshe, na haikuziba, imeegeshwa tu. Mvuke wa ayodini unaotoroka ukigusa haipo unageuka kuwa ayodaidi ambayo haina rangi wala harufu. Kila ilipoanza kuwa ya kahawia tukabadilisha.

Uzuri wa pili ni kwamba kioo cha moto na kioo cha baridi sasa ni viwili tofauti. Bika inapata joto, flaski inapata baridi, hakuna anayevutana na mwenzie. Na wa tatu ni ule wa kukwangua, fuwele ziko nje ya flaski, kwenye tumbo la mviringo, unainua unazikwangua zote bila kuingiza kitu shingoni.

Kwa joto tukaweka bika kwenye bakuli kubwa la enameli lenye maji ya moto juu ya jiko la gesi, maji tukayaweka kama nyuzi 90, yanatoa mvuke lakini hayatokoti. Enameli kwa sababu nilikataa sufuria ya alumini, ikitokea bika imepasuka na ayodini ikamwagika kwenye maji sitaki ikutane na alumini tupu. Mvuke wa maji unaotoka bakulini ni msumbufu, unapanda unalowesha flaski na kuingia kwenye upenyo, kwahiyo tukakata boksi gumu likawa duara lenye tundu katikati, tukalivalisha bika kama kola, likakinga mvuke wote chini. Kitu kidogo lakini bila hiyo kola ungepata uji wa ayodini.

Hapo ukatokea mjadala. Mwalimu wa fizikia, kijana mzuri sana na mwenye moyo, alikuwa ameshakwenda kwa mama anayeuza juisi getini kaleta barafu ndoo nzima ili tuijaze kwenye flaski. Nikamwambia mwalimu hiyo barafu itatuharibia. Tanga hii hewa imejaa unyevu, kitu chochote cha baridi ukikiweka mezani kinatoka jasho, na flaski ya barafu ingetoka jasho kitako chote, matone yanadondokea kwenye mchanga, fuwele zinashika kwenye maji badala ya kushika kwenye kioo. Akauliza sasa bila baridi itaganda vipi? Ndo tukarudi kwenye zile namba. Chini kwenye bika ayodini ina presha ya mvuke ya karibu milimita 30. Kwenye maji ya bomba ya nyuzi 28 presha yake ni kama 0.4 tu. Kwenye barafu ni kama 0.03. Kwahiyo kwa maji ya bomba zaidi ya asilimia 98 ya mvuke unaofika pale unaganda, na barafu ingekuongezea kama asilimia moja. Kwa asilimia moja hununui matatizo ya jasho. Tukatumia maji ya bomba, flaski tukaifuta kavu kwa nje kabla ya kuiweka, haikutoka jasho kabisa.

Na maji yenyewe hayapati moto haraka kama watu wanavyodhani. Ayodini gramu 10 kuganda kutoka kwenye mvuke inaachia joto kama kilojuli 2.5, maji ya mililita 400 yanapanda kwa nyuzi moja na nusu tu. Kinachoyapasha ni hewa ya moto kutoka bakulini, ndo maana kola ya boksi ina kazi mbili. Sisi tuliyabadilisha kila flaski ilipoanza kuwa ya vuguvugu mkononi, kwa mpira mwembamba wa kunyonya, bila kuinua flaski.

Huyo huyo mwalimu wa fizikia aliuliza swali jingine ambalo ni zuri na nataka nilijibu kwa kirefu maana ndo linaloua watu. Kwanini tusiunganishe flaski ya koni na ile pampu ya maji ya kwenye bomba, tuvute hewa, kila kitu si kitaruka kwa joto dogo zaidi? Kwa nadharia yuko sahihi, vitu vingi vinavyosablimu kwa shida vinafanywa hivyo, kafeini ya kwenye majani ya chai kwa mfano maabara nyingi za vyuo zinaisablimisha kwa kuvuta hewa. Ila sio kwa flaski ya koni. Flaski ya koni ya mililita 250 kitako chake kina eneo la kama sentimita za mraba 50, na hewa ya nje inasukuma kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, ukitoa hewa ya ndani kitako hicho bapa kinabeba kama kilo 50, mfuko wa simenti mzima, kwenye kioo chembamba ambacho hakikutengenezwa kwa hilo. Ikiwa na mkwaruzo mmoja inajipasua kuingia ndani na vipande vinatoka na kasi ya ajabu. Flaski bapa yoyote ile, hapana. Flaski ya duara inavumilia kwa sababu mviringo unagawa mzigo sawa pande zote, na ile flaski ya kuchujia yenye mkono ubavuni inavumilia kwa sababu kuta zake ni nene makusudi. Hata hiyo uikague kwanza kwenye mwanga, na uivike kitambaa kizito au wavu, na miwani usoni.

Ile flaski ya kuchujia ndo unaweza kuifanya kifaa cha sablimesheni cha uhakika kabisa, unaweka kitu chako chini, unapenyeza testityubu ndefu kwenye kizibo mpaka karibu na kitako, testityubu unaijaza maji baridi, mkono wa ubavuni unauunganisha na pampu, fuwele zinashika kwenye testityubu unaichomoa nazo. Lakini kwa ayodini haina faida. Ayodini inapanda yenyewe bila kuvutwa, na ukiivuta kwa pampu unaipeleka kwenye mpira na kwenye bomba. Na pampu ya maji ya huku kwetu nayo ina mpaka wake, haiwezi kushuka chini ya presha ya mvuke wa maji yenyewe, maji ya nyuzi 28 ni milimita 28 za zebaki, vitabu vya Ulaya vinavyotaja milimita 10 na kitu vinazungumzia maji ya bomba ya baridi ya kwao.

Basi turudi kwenye kazi. Tuliifanyia barazani, sio ndani, maana fyumu chemba, lile kabati la kuvuta mvuke wa kemikali kwenda nje, hawana, na tukakaa upande ambao upepo unatokea. Ni kazi ya polepole, ilichukua asubuhi yote, na mtu asiye na subira ndo anayeongeza moto. Fuwele zikishakuwa nene kwenye kitako cha flaski hauinui pale pale, unatoa kwanza bika kwenye maji ya moto, unaiacha ipoe mpaka zambarau ya ndani ipotee, ndo unainua. Ukiinua ikiwa ya moto wingu lote linakutoka usoni na ndo ayodini yenyewe hiyo inaondoka. Tulikwangua kwa kadi ya plastiki juu ya kioo cha saa, yaani kisahani cha kioo cha maabara, sio wembe wala kijiko cha chuma. Fuwele zilikuwa nzuri, bapa, zinang'aa kama chuma kilichosuguliwa, wanafunzi walipita mmoja mmoja kuangalia kwa mbali.

Mchanganyiko uliokuwa umebaki baada ya majaribio yale mawili ulikuwa gramu 61, tukapata ayodini safi gramu 31. Kupima kama ni safi tulichukua punje moja tukaipasha kwenye kioo cha saa kingine ikaruka yote bila kuacha doa. Mchanga uliobaki tukautikisa na maji ya vuguvugu, tukaacha yapoe kabisa, tukadondoshea uji mwepesi wa wanga wa muhogo, ikaja buluu hafifu tu, kwahiyo kilichobaki humo ni kidogo sana. Lazima yapoe, ile buluu ya wanga haionekani kwenye maji ya moto na mtu anaweza kudhani hakuna kitu.

Gramu zilizopotea zimekwenda wapi? Nyingine kwenye spiriti ya flaski ya koni, nyingine kwenye wingu la kizibo, na nyingine mi naamini ziliishia kwenye sakafu. Simenti ina asili ya alkali, ikilowa ayodini inageuka kuwa ayodaidi na ayodeti, chumvi ambazo hazisablimu, na stoo ile ilikuwa imepigwa deki siku ya tukio kabla ya kuzolewa vizuri. Ayodini ikimwagika, zoa kikavu kwanza.

Nimeshaulizwa kama mpangilio huu unafaa kwa vitu vingine. Nafthalini unafaa, inayeyuka nyuzi 80 kwahiyo maji yakae kama 70, inapanda taratibu mno ila inapanda, na ile ya kabatini inatosha kwa mazoezi. Ila jueni nafthalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida sana sehemu zenye malaria kama pwani yetu, kwahiyo nayo ni ya nje barazani na kiasi kidogo. Kafuri inafaa sana, inapanda vizuri hata kwenye maji ya moto. Amonia kloraidi ndo siishauri kwenye hii bika na flaski, na ndo inayopendwa mashuleni. Ile inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 300, na kusema ukweli haisablimu, inavunjika kuwa gesi mbili, amonia na haidrojeni kloraidi, zinazoungana tena zikipoa. Kwa joto hilo flaski ya maji juu ya kioo chenye moto wa bana ni kurudi kule kule kwa kitambaa. Ile ifanyeni kwenye kibakuli cha kauri na faneli iliyogeuzwa juu yake, shina lake limewekwa pamba, kiasi kidogo, mlango wazi.

Kwa prakitiko ya watoto hata ayodini haihitaji kukwanguliwa. Punje mbili tatu kwenye bika, flaski ya maji juu, maji ya moto chini, wanaona zambarau na wanaona fuwele, basi, haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Mfaransa Bernard Courtois aliyeigundua ayodini mwaka 1811 aliiona hivyo hivyo, alizidisha asidi ya salfuriki kwenye majivu ya mwani, mvuke wa zambarau ukatoka ukaganda kwenye vyombo vya baridi.

Flaski na meza tulisafisha kwa haipo, na haipo ilipoisha madam akaponda vidonge vya vitamini C kwenye maji, navyo vinatoa rangi ya ayodini mara moja, mikononi pia. Zile gramu 31 zimewekwa kwenye chupa ndogo ya kahawia yenye kizibo cha kioo kilichosagwa, sio cha mpira wala cha bati, ikaandikwa tarehe, na ikakaa shelfu la chini kabisa ndani ya bakuli la plastiki lenye mchanga mkavu.